Mashine za Gemu za Karatasi: Tusiziondoe Rafuni



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, mwaka huu ukurasa wa maoni hauzungumzii mavazi wala simu, mambo ambayo tumeyaandika mara nyingi mpaka wanafunzi wanayajua kwa moyo kabla hatujayamaliza. Mwaka huu tunazungumzia karatasi.

Wazazi waliofika ofisi ya walimu baada ya likizo ya Ramadhani wameviona wenyewe. Kwenye rafu ya pili, chini kabisa ya ile ya misahafu, vimepangwa vijikabati kumi na kimoja vya karatasi, kila kimoja pungufu ya shubiri moja. Vina kioo kidogo mbele, vitufe, fimbo ya kuchezea iliyotengenezwa kwa kijiti cha meno, na tundu la kutumbukizia sarafu lililochorwa tu. Ni mifano ya zile mashine za gemu za kusimama zilizojaa Japani na Marekani miaka ya 1970 na 1980. Vijana wetu wa darasa la juu walizichapa kutoka kwenye mafaili yanayopatikana bure katika intaneti, wakazikata, wakazikunja na kuzigundisha, kazi iliyowachukua alasiri za wiki tatu.

Mzazi mmoja, mtu tunayemheshimu na mwenye haki kamili ya kuuliza, alisimama mbele ya rafu hiyo akasema, "Ustadh, na madrasa nayo imekuwa nyumba ya kamari?" Suala hilo lilifika kwenye kamati ya wazazi. Wapo waliosema viondolewe, wapo waliocheka wakasema ni karatasi tu. Sisi walimu hatukubaliani na pande zote mbili. Si karatasi tu, na wala haifai kuondolewa.

Tuanze na hoja ya mzazi, kwa sababu ina uzito kuliko wanavyodhani waliocheka. Historia yenyewe inamuunga mkono kwa kiasi fulani. Gemu ya video ya sarafu ya kwanza iliyopata umaarufu mkubwa ni Pong, ya kampuni ya Atari, mwaka 1972. Mashine yake ya majaribio haikuwekwa shuleni wala maktaba. Iliwekwa baa, katika mji wa Sunnyvale, jimbo la California. Baada ya siku chache mwenye baa akapiga simu kulalamika kwamba imeharibika. Fundi alipokwenda kuifungua alikuta haijaharibika kitu, ila kisanduku cha sarafu kilikuwa kimefurika. Basi anayesema kwamba mashine hizi zilizaliwa jirani na ulevi hakukosea, na anayesema zilitengenezwa zimeze fedha hakukosea pia.

Lakini kamari katika sharia ni jambo lenye mpaka wake, wala si jina la kila kinachomeza sarafu. Maysir iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ni pale mtu anapoiweka mali yake hatarini akitarajia apate zaidi kwa bahati, na akikosa mwenzake ndiye afaidike. Anayetia robo dola au yen 100 katika mashine ya Pac-Man hatarajii kurudishiwa hata senti. Amenunua dakika chache za mchezo, kama anayelipia bembea ya sikukuu. Unaweza kusema amepoteza fedha yake, na mara nyingi tutakubaliana nawe, lakini kupoteza fedha ni mlango mwingine katika vitabu vya fiqhi, na una jina lake: israfu. Na ikiwa mchezo wenyewe una mambo ya haramu ndani yake, au unamfanya mtu aache Sala, hukumu yake itabadilika kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sarafu.

Ipo mashine nyingine inayofanana na hizi kwa umbo, nayo ni kamari bila ya shaka yoyote. Ni ile ya kutumbukiza sarafu, picha zikazunguka, kisha mashine ikatema sarafu nyingi au isiteme kitu. Mitaani wanaiita dubwi. Ipo pia ile ya mkono wa chuma unaoshuka kunyakua mwanasesere, ambayo watu wanaidharau kwa kuwa zawadi yake ni kitu cha watoto. Sisi tunaiweka karibu sana na dubwi, kwa sababu anayetia fedha pale hanunui mchezo, anawania zawadi. Kati ya vijikabati vilivyotengenezwa mwanzoni, kimoja kilikuwa cha aina ya dubwi. Tulimwita kijana aliyekitengeneza, tukazungumza naye, na yeye mwenyewe akakikunjua. Hicho ndicho kilichokuwa cha kumi na mbili.

Sasa tuseme kwa nini hizi kumi na moja tunazitetea.

Mtoto anayesimama mbele ya mashine ya kweli anaona mwanga na sauti tu. Mtoto aliyeijenga kwa mkono wake anaanza kuuliza kwa nini imejengwa hivyo. Kwa nini juu kuna ubao wenye taa? Ili uonekane kutoka mlangoni. Kwa nini kioo kimelazwa kidogo na pembeni kuna mbavu mbili kama za farasi aliyefungwa macho? Ili mchezaji asione kitu kingine. Kwa nini mashine inajichezesha yenyewe wakati hapana mtu? Ili imwite anayepita. Na kwa nini mchezo unazidi kuwa mgumu dakika baada ya dakika? Kwa sababu mchezaji asiyeshindwa hatoi sarafu ya pili. Vijana wetu waliyafahamu haya yote bila ya sisi kuwahutubia, kwa sababu mikono yao ilikuwa inazijenga zile mbavu na ule ubao.

Tuchukue mfano wa Space Invaders, iliyotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Aliyeibuni ni Tomohiro Nishikado, na ilimbidi abuni hata sehemu za umeme za mashine yenyewe. Katika kabati la kusimama, kioo cha televisheni hakikumtazama mchezaji moja kwa moja. Kililazwa ndani, na picha yake ikaakisiwa na kioo cha kujitazamia kilichowekwa kwa mwinamo, hata wale wavamizi wakaonekana wanaelea mbele ya picha ya mwezi iliyochorwa nyuma. Rangi zake nazo zilikuwa za hila, kwani televisheni ilikuwa nyeupe na nyeusi na zile rangi ni vipande vya plastiki vilivyobandikwa juu yake. Kijana mmoja aliposoma habari hii alirudi kwenye kijikabati chake akabandika ukanda wa plastiki ya kijani uliotoka kwenye karatasi ya peremende. Na lipo jambo tamu zaidi. Wavamizi wanaongeza kasi kila wanapopungua, na chanzo chake ni kwamba kompyuta ya mashine ile ilikuwa dhaifu. Ilipokuwa na wachache wa kuchora, ilichora upesi zaidi. Nishikado aliiona kasoro hiyo akaiacha, kwa sababu iliufanya mchezo uwe mzuri. Mtoto anayelijua hili hawezi tena kuitazama mashine kama uchawi. Anaitazama kama kazi ya mtu, yenye akili na yenye udhaifu.

Na hiyo ni upande wa mashine tu. Upande wa karatasi ndio unaotugusa zaidi sisi tunaofundisha.

Neno letu karatasi linatokana na qirtas la Kiarabu, ambalo limo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul An'am. Ufundi wa kuitengeneza ulianza Uchina, na kwa mapokezi ya wanahistoria uliingia Samarkand baada ya vita vya Talas vya mwaka 751. Mwishoni mwa karne ya 8 Baghdad ilikuwa na kiwanda chake, na baadaye soko zima la wauza karatasi na vitabu, warraqin. Kutoka kwa Waislamu ufundi huu ukaingia Ulaya kwa njia ya Andalusi. Na Waislamu hawakuitumia kwa kuandikia peke yake. Al-Jazari, fundi mkuu wa watawala wa Diyarbakir, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, anatajwa na wanahistoria wa ufundi kuwa alitengeneza mifano ya karatasi ya vitu vigumu kabla ya kuvijenga kwa shaba na mbao. Saa zake za maji na vyombo vyake vinavyojiendesha vinasomwa mpaka leo. Kwa hiyo anayesema kukunja karatasi ni mchezo wa wazungu walioletewa kila kitu, na asome tena.

Watu wa Ulaya nao walilipenda jambo hili walipoipata karatasi ya kutosha. Mji wa Épinal, Ufaransa, ulichapa majumba na wanajeshi wa kukata kwa mkasi katika karne ya 19, na Poland ina jarida la mifano ya karatasi, Mały Modelarz, lililoanza mwaka 1957. Siku hizi zipo programu za kompyuta, mojawapo ikiwa Pepakura ya Japani, ambayo inachukua umbo lolote na kulikunjua likawa tambarare, tayari kuchapwa.

Hesabu iliyomo humo si haba. Kabati la kweli lenye urefu wa sentimita 180, ukilipunguza mara 12, linakuwa la sentimita 15, na kurasa zake zinaenea kwenye karatasi ya A4. Tuliwauliza vijana: kama urefu umepungua mara 12, je, karatasi ya kulifunika kabati zima imepungua mara ngapi? Wengi walisema 12. Jawabu ni 144. Na ujazo? Ni 1,728. Walipigwa na butwaa, wakapima, wakakubali. Hapo tukawakumbusha kwamba 12 ni rafiki yao wa zamani, ni moja katika asili saba za mas'ala ya mirathi: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mume akipata robo na mama akipata sudusi, utaigawa mali mafungu 12. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kila kipindi cha faraidhi aliinua kichwa, na tangu siku hiyo hajakiinamisha sana. (Tunasema sana, kwa sababu faraidhi ni faraidhi.)

Kwa wale watakaojaribu nyumbani, haya machache tuliyoyajua kwa kazi. Mchapishaji wa steshenari aambiwe achape kwa ukubwa halisi, asiiruhusu kompyuta ipunguze ili ienee, maana vipande vya kurasa mbili tofauti havitakutana. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inalegea, tumieni manila. Kabla ya kukata, piteni kila mstari wa kukunja kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, mkunjo utakuwa umenyooka kama wa kanzu iliyopigwa pasi. Vile vipande vya pembeni vinavyopakwa gundi, ambavyo wanafunzi wetu wanaviita masikio, havikatwi hata vikionekana havina kazi. Gundi iwe kidogo, ipakwe kwa ncha ya kijiti. Kingo nyeupe zifichwe kwa penseli ya rangi. Na wakati wa masika msiache kazi dirishani, unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi. Wembe mkononi mwa mtoto chini ya miaka kumi, hapana. Mkasi unatosha.

Linabaki suala la picha, na hili limeulizwa kwa adabu na kina mama wawili. Pembeni mwa mashine za asili huchorwa watu, majitu na wanyama. Hukumu ya picha ina maneno mengi baina ya wanazuoni, na hatutaimaliza katika ukurasa mmoja. Lakini vitu vya kuchezea watoto vina nafasi yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake na akicheza nao mbele ya Mtume (S.A.W.), na katika Abu Daud imo habari ya farasi wake mwenye mbawa za kitambaa, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyocheka alipopewa sababu ya zile mbawa. Wanazuoni wengi wameitumia habari hiyo kuruhusu vinyago vya watoto. Sisi hata hivyo tunaona ipo njia iliyo nzuri zaidi, na aliyeifungua si mwalimu. Wasichana wawili wa darasa la tano walichapa kabati lisilo na picha yoyote, jeupe tupu, wakalipamba pembeni kwa nakshi za milango ya Kiunguja, maua na minyororo, na juu kwenye ubao wa taa wakaandika jina la madrasa. Kati ya vyote kumi na kimoja hicho ndicho wageni wanachokinyanyua kwanza. Tunapenda mwaka ujao viwe vingi vya namna hiyo, wala hatukusudii kuvichana vile vingine.

Jambo lililotupa shida kwa kweli halikutajwa na mzazi yeyote. Wiki ya tatu tuligundua kwamba vijana wawili wameanza kuuza vijikabati kwa wenzao wa shule ya msingi, shilingi elfu mbili kimoja. Biashara ni sunna, watatuambia. Naam. Lakini yule aliyechora mafaili yale, huko aliko, aliandika chini ya ukurasa kwamba anayatoa bure kwa matumizi ya nyumbani na si kwa kuuzwa. Hatumjui, hatatuona, wala hatajua. Hapo ndipo amana inapopimwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tano huko Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za mtunzi na mbunifu ni haki zinazolindwa kisharia na haifai kuzivamia. Vijana waliambiwa warudishe fedha kwa waliozitoa. Mmoja akasema kwa hasira kwamba watu wote wanafanya hivyo mjini. Ni kweli, wanafanya. Tukamwambia: akitaka kuuza, achore cha kwake tangu mwanzo, na sisi tutakuwa wanunuzi wa kwanza. Anakichora sasa, na umbo lake si la mashine ya gemu tena, ni la kioski cha kahawa.

Kuhusu gharama na muda tutakuwa wafupi. Wino wa rangi ni ghali, kwa hiyo chapeni kwa rangi nyeusi na mpake penseli. Kazi inafanyika baada ya Alasiri na inasimama adhana ya Magharibi inapoanza, hata kama gundi haijashika. Hifdhi ya siku ikiwa haijasomwa, mkasi hautolewi kabatini.

Turudi kwa wazee wetu. Mzazi aliyetuuliza kama madrasa imekuwa nyumba ya kamari alitoka ofisini kwetu akapita njia ile ile tunayopita sote. Katika njia hiyo, hatua chache kutoka kwenye lango letu, upo ukumbi mdogo wa duka wenye dubwi mbili za kweli. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na tumewaona kwa macho yetu watoto wenye sare za shule, na wengine wenye kofia na juzuu zao mkononi, wakitia sarafu za mia mbili wanazopewa nyumbani kwa ajili ya maandazi. Hatuna kawaida ya kusema kwa ukali katika jarida hili. Lakini inatuwia vigumu kuelewa jinsi kamati inavyokaa saa mbili kujadili karatasi isiyokula kitu, na haikai hata robo saa kujadili chuma kinachokula maandazi ya watoto wetu.

Tumefanya tuliloweza sisi. Tumekwenda kwa mwenye duka, walimu watatu, kwa salamu na kwa maneno mazuri. Alitusikiliza, akasema mashine si zake, yeye anapata sehemu tu, na watoto hawezi kuwafukuza kwa sababu hajui umri wao. Tumempelekea habari hiyo mjumbe wa mtaa. Ujumbe wa walimu watatu ni mwepesi. Ujumbe wa wazazi arubaini, ambao ndio wanaonunua unga na sukari katika duka hilo hilo, una uzito mwingine, na mwenye duka atawajua kwa majina.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa kamati ni hili. Rafu ibaki kama ilivyo mpaka Maulidi, kisha kila mtoto achukue kazi yake nyumbani. Mkutano ujao wa wazazi, ambao tarehe yake imebandikwa mlangoni, ajenda ya kwanza iwe lile duka, na wanaoweza kufika mapema tutakwenda pamoja kabla ya kikao, baada ya Sala ya Adhuhuri. Wanafunzi watakaotaka kujiunga na darasa la karatasi wajiandikishe kwa msimamizi wa maktaba, nafasi ni ishirini, na kila mmoja aje na mkasi wake.

Wabillahi tawfiiq.